Mshiriki wa Saba

Ghorofa ya kwanza ya maktaba yetu ya chuo kuna dawati lenye kibao kilichoandikwa "Msaada wa Kutafuta Makala", na nyuma ya kibao hicho amekaa mwanamke mmoja kwa miaka kumi na saba. Wanafunzi humwita Mama Makala. Jina halipendi, lakini halikatai. Mimi niko chini, dawati la kuazima vitabu, na kwa kuwa nina mdomo wananiita Shangazi. Tusidanganyane, nimelistahili.

Zamani wanafunzi walipanga foleni kwake mpaka kwenye ngazi. Siku hizi mwanafunzi anajilaza kitandani na simu yake, anaandika swali zima kama alivyopewa, anachukua kitu cha kwanza kinachotokea, kisha anakwenda kulia mbele ya msimamizi wake. Wanaopanda kwa Mama Makala ni wale walioshindwa kabisa. Wiki nyingine wanapanda watatu. Wiki nyingine hapandi mtu, na mimi napanda na chupa ya chai saa nne asubuhi ili asije akasahau kuongea.

Anayepanda lakini hajuti. Mama Makala hagusi kompyuta kwanza. Anachukua karatasi, anaigawa safu tatu, na kila safu inapata neno moja kuu na ndugu zake chini yake. Ukimwambia unatafuta habari za upweke, atakuuliza nani ameuita kutengwa, nani ameuita kukosa wa kuongea naye, nani amezunguka tu asiutaje. Ndugu wa safu moja anawaunganisha kwa AU, na safu na safu anaziunganisha kwa NA. AU inafungua mlango, husema, NA inaurudishia. Ndipo anaingia kwenye hifadhidata, yale maghala ya mtandaoni yanayotunza makala za majarida ya kila fani, na anaanza kuchuja: miaka, lugha, makala iliyohakikiwa na wataalamu au isiyohakikiwa. Watu wanadhani kompyuta ina akili. Yeye husema kompyuta ni mtumishi mtiifu kupita kiasi, inakupa ulichosema wala haijali ulichotaka.

Mwisho wa yote kuna karatasi yake ya msako, na hapo ndipo wanafunzi humchukia. Kila makala iliyofika hatua ya mwisho inaandikwa, iliyochukuliwa na iliyoachwa, na iliyoachwa lazima ipewe sababu. Sababu ziko nne tu, amezichapa chini ya karatasi: haihusiani na mada, imepitwa na wakati, haijahakikiwa, haipatikani. Hakuna ya tano. Nimewahi kumwona akimrudisha kijana wa shahada ya uzamili aliyeacha makala moja kwa kuwa ilipinga wazo lake. Kijana alibisha sana. Mama Makala akamwambia matokeo hayachaguliwi kama nyanya.

Nyumbani hana mtu. Mume alifariki mwaka wa nne wa ndoa, watoto hawakujaliwa, kaka yake yuko mbali na simu zake ni za misiba. Hayo nilikuwa nayajua. Mengine sikuyajua, na nikiwa mtu wa kujua ya watu, nasema kwa aibu kwamba sikuyajua kwa sababu sikuuliza.

Miaka miwili iliyopita alikuja kwake binti wa sosholojia niliyempa jina la Miwani, maana miwani yake ilifunika nusu ya uso. Alikuwa anatafiti watu wanaoishi peke yao na ambao wanakaribia kustaafu. Mama Makala akamsaidia kutafuta makala, na yalipokwisha hayo binti akamwomba awe mmoja wa washiriki wa utafiti wenyewe. Mama Makala akasaini fomu ya ridhaa, akamkaribisha kwake. Binti alikwenda mara nne, akawasha kinasa sauti, akauliza, akajibiwa, kazi ikaisha.

Lakini Miwani alirudi mara ya tano bila kinasa sauti, na mfuko wa matunda mkononi, akakaa jikoni mpaka jioni wakimenya njegere na kuwasengenya wahadhiri. Mara ya sita alikwenda siku Mama Makala alipotimiza miaka hamsini na saba. Wiki zile Mama Makala alikuwa anapanda ngazi kama msichana. Aliniambia, "Nimepata mtoto ukubwani, dada," nami nikacheka, nikamwambia mtoto wa ukubwani hana kazi ya nepi.

Kisha Miwani akahitimu. Siku ya kuondoka alipita kwenye dawati langu mbiombio, akaniachia bahasha ndogo yenye kitu kigumu ndani, nimpelekee Mama Makala. Mbona usipande mwenyewe, nilimuuliza, akasema gari linamsubiri. Nikaipeleka. Mama Makala akaipapasa, hakuifungua, akasema binti ana shughuli nyingi. Mimi ninayeuliza watu nisiowajua wamenunua wapi viatu vyao, siku hiyo sikumuuliza bahasha ina nini. Miwani hakupiga simu tena.

Sasa, mwezi uliopita, alipanda nesi mmoja wa hospitali kuu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, bado amevaa viatu vyeupe vya zamu. Hospitali ilikuwa imempa ruhusa ya mwaka mmoja amalize shahada yake, na huku akiwashikia wenzake zamu za mchana mara mbili kwa wiki. Mada yake ilikuwa ileile, upweke wa watu wanaokaribia kustaafu, maana alichoka, alisema, kuwaona wakifika wodini wakiwa wamechelewa kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuwaambia nenda hospitali. Andiko lake la utafiti lilitakiwa kupitishwa kabla ya mwezi kwisha. Lisipopitishwa, anarudi wodini bila shahada, na ruhusa ya pili hospitalini kwao hawatoi.

Mama Makala alimpenda siku hiyohiyo. Wakagawa karatasi safu tatu, wakawapanga ndugu, wakaingia. Zikaja makala elfu moja na mia mbili. Wakaongeza NA moja, zikabaki mia tatu. Wakachuja miaka, wakachuja uhakiki, wakasoma mihtasari mmoja mmoja mpaka macho yakawauma. Saa nane nesi akaangalia saa, akaruka, zamu. Mama Makala akamwambia nenda mwanangu, nitamalizia, kesho uchukue.

Akamalizia peke yake. Zilibaki tisa, na ya tisa ilikuwa ya jarida la chuo chetu, ina miezi miwili tu tangu itoke. Mwandishi alikuwa Miwani.

Alifurahi kwanza. Aliniambia hivyo baadaye, na hapo ndipo nilipoumia kuliko popote. Alifurahi kama mzazi aliyeona jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu. Akaifungua makala yote, akaisoma kwa utulivu, akitingisha kichwa kuona binti alivyojua kupanga hoja. Washiriki walikuwa kumi na wawili, hawakutajwa majina, kila mmoja na namba yake. Akafika kwa mshiriki wa saba.

Jumatatu iliyofuata nesi alikuja chini kwangu kurudisha kitabu, macho mekundu. Msimamizi alikuwa amelikataa andiko. Makala zote nane ulizoleta, alimwambia, zimeandikwa kuhusu watu wa nchi za mbali, wenye nyumba za wazee na baridi ya theluji. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuwaandika watu wa hapa? Bila utafiti mmoja wa hapa hapiti. Amempa mpaka Ijumaa. Nesi aliniambia yote hayo huku anatafuta leso kwenye mkoba na haioni. Nikamwambia asubiri, mwanamke wa juu akitafuta kitu hata sindano kwenye mchanga anaipata.

Nikapanda na chai, nikamweleza Mama Makala, nikitarajia ashike kalamu palepale. Hakushika. Alikuwa na karatasi ya msako ya nesi mbele yake, na mstari wa tisa, kwenye safu ya sababu, palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wake: haipatikani.

"Si umtafutie moja tu ya hapa?" nikamwambia.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Soma," akasema.

Mimi si msomi. Nagonga mihuri ya tarehe. Lakini makala ile ilikuwa ya Kiswahili safi, hata mimi niliielewa, na ningetamani nisingeielewa. Iliandikwa hivi: Mshiriki wa Saba, mwanamke, miaka hamsini na saba, mfanyakazi wa maktaba, huwasha redio katika chumba asichokitumia ili nyumba isiwe kimya. Iliandikwa: Mtafiti alimtembelea mara sita. Ziara mbili za mwisho zilifanyika baada ya mahojiano kukamilika, bila kinasa sauti, ili kuthibitisha taarifa katika mazingira ya kawaida. Njegere zilikuwemo. Siku ya kuzaliwa ilikuwemo. Halafu hii: Katika ziara ya sita, Mshiriki wa Saba alimpa mtafiti ufunguo wa akiba wa nyumba yake, akieleza kuwa anahofia kufa bila mtu kujua. Tendo hili linaonyesha kiwango cha juu cha uhitaji wa mahusiano mbadala.

Nikakumbuka ile bahasha na kitu kigumu ndani yake. Mimi ndiye niliyemrudishia ufunguo wake, kwa mkono wangu, bila kujua nimebeba nini.

Nilimtukana Miwani. Nilimtukana taratibu, maana maktabani hatupandishi sauti, lakini sikubakiza. Mama Makala akaniacha nimalize, kisha akasema niendelee kusoma, kuna aya moja chini.

Aya ile ilisema mahusiano ya kazini ya Mshiriki wa Saba ni ya juujuu. Anamtaja mwenzake mmoja tu, ambaye amekunywa naye chai kila siku kwa miaka kumi na mitano, na ambaye hajawahi kufika nyumbani kwake wala hajui anakaa mtaa gani.

Juujuu. Miaka yote ile ya kupanda ngazi na magoti haya, eti juujuu. Nilitaka kubisha. Nikatafuta la kubishia, na jambo la kwanza lililonijia ni jina la mtaa wake, na jina hilo sikuwa nalo. Kwangu nyumba imejaa, wajukuu, wakwe, mashemeji, mpaka wakati mwingine najifungia chooni nipate kupumua. Viti vipo vingi. Haikuwahi kunipitia kichwani kumwambia njoo ukalie kimoja.

Nikasema, "Jumapili nakuja kwako."

"Usije kwa sababu umesoma, dada," akasema.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, ningepata pa kushika. Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, nikamimina chai ambayo hakuna aliyeinywa, na kwa kuwa nilikuwa nimeaibika nikaanza kutoa ushauri, ndivyo tulivyo watu wa midomo. Nikamwambia aiache hapohapo ilipo. Nesi anakujua, nikasema, ataona maktaba, ataona miaka, ataona chai, atajua ni wewe, na akijua yeye itajua wodi nzima. Atafute makala nyingine.

"Wapi? Nimeshatafuta," akasema. "Ya hapa ni hii tu."

"Basi huyo binti ni mwongo, kazi yake haifai."

"Hakusema uongo hata mahali pamoja. Nimeisoma mara nne nikitafuta. Redio ni kweli. Ufunguo ni kweli. Na fomu nilisaini." Akaweka kidole kwenye mstari wa tisa wa karatasi yake. "Mwongo hapa ni mimi. Nimeandika haipatikani, na ilikuwa wazi mbele yangu."

Sijui kama mtu asiye wa kazi yetu ataelewa. Miaka kumi na saba ameandika karatasi zile, mamia, na hakuna aliyewahi kuzikagua. Hakuna ambaye angegundua. Wanafunzi wenyewe huzitupa wakishafaulu. Lakini katika maisha yake kitu kimoja tu hakikuwa na mashaka, kwamba Mama Makala akikwambia kitu hakipo, hakipo. Mume hayupo, mtoto hayupo, binti wa ukubwani naye ndiye huyo, ila hilo lilikuwepo. Na sasa nesi alikuwa anaelekea kupoteza mwaka wake kwa neno moja aliloliandika yeye ili asionekane.

Nilimwambia alale nalo mpaka kesho. Akasema amelala nalo siku nne, halilaliki.

Akachukua kalamu. Akakata neno haipatikani kwa mstari mmoja mwembamba, jinsi anavyowafundisha wanafunzi, ili kilichokatwa kiendelee kusomeka. Pembeni akaandika tarehe na herufi za jina lake. Kisha akachapa makala yote, kurasa kumi na nne, akazibana, akashuka nazo mwenyewe hadi kwangu, ambako nesi alikuwa bado amekaa akisubiri. Alimwambia kwamba makala hii ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwamba alimficha, na kwamba sababu aliyoandika haikuwa ya kweli. Nesi alipokea kwa mikono miwili. Akazitia kwenye mkoba, akakimbilia kwa msimamizi wake.

Ijumaa andiko likapita. Nesi alituma ujumbe kwa simu ya dawati, nikaupeleka juu, na Mama Makala akasema vizuri, akaendelea kufuta vumbi kwenye kibodi ambayo haikuwa na vumbi. Wiki ile nilijaribu kuzungumza naye kama kawaida. Nilimletea umbea wa moto kabisa wa idara ya fedha, akausikiliza kwa adabu. Kila nilipotaka kuuliza anakaa wapi, swali lilinikwama, kwa sababu sasa kuuliza nako kungekuwa kumetoka kwenye makala. Miwani alikuwa ametuandika sote wawili, na tulikuwa tumekaa ndani ya alichoandika tukiogopa hata kunyoosha miguu.

Jumatano nesi akaja. Mama Makala alikuwa amesimama kwenye dawati langu na mkoba wake, anatoka kwenda kula. Nesi akamshukuru, akaeleza kwamba msimamizi ameipenda sana ile makala, mpaka amempa wazo: badala ya kuanza na watu wapya wote, awatafute baadhi ya washiriki wale kumi na wawili, aone wamekuwaje baada ya miaka miwili. Ndiyo sababu amekuja, amsaidie kupata anuani ya mwandishi, naye mwandishi awaulize washiriki kama wako tayari. Alisema yote hayo akiangalia daftari lake.

"Hasa yule wa saba," akasema. "Nimemfikiria sana. Sijui hata kama bado yupo."

Nikainama kwenye mihuri yangu.

"Yupo," akasema Mama Makala.

"Unamfahamu, mama?"

"Kiasi."

Manesi wamezoea kusoma watu. Wanaona kabla hujasema. Huyu aliinua macho kutoka kwenye daftari, akamtazama Mama Makala, akanitazama mimi na mihuri yangu, na nikaona damu ikimpanda usoni. Akaliweka daftari chini. Akasema samahani, mama. Mama Makala akamwambia hana kosa, yeye alitafuta makala na makala ikapatikana.

Nyuma yake mwanafunzi mmoja alikuwa akisubiri kuazima kamusi. Kisha nesi, kwa sauti ya chini, akamuuliza kama anaweza kumtembelea nyumbani.

"Utakuja kama mtafiti au kama mgeni?" Mama Makala akamuuliza.

Nilimwombea aseme mgeni. Mtu yeyote mwenye huruma angesema mgeni, hata mimi ningesema, bila kufikiri, na ningekuwa nimemaanisha mpaka Jumapili. Nesi alilitazama daftari lake. Mwanafunzi wa kamusi alikohoa.

"Kama mtafiti, mama," nesi akasema. "Ruhusa yangu ni ya mwaka mmoja. Nikimaliza narudi wodini, na zamu zetu unazijua. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Mama Makala akachukua kipande cha karatasi kwenye dawati langu, akaandika jina la mtaa na namba ya nyumba. Akamkabidhi nesi, akaikunja mikono juu ya mkoba wake.

"Njoo Jumamosi saa tisa," akasema. "Na ziara ya mwisho ikifika, uniambie kwamba ndiyo ya mwisho."

Nesi akaitikia, akaliandika hilo pia.